Shamari Katikati ya Ploti

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilipanga chumba Kabiro, upande wa Kawangware, katika ploti ya mama mmoja mjane. Vyumba vilikuwa vya mabati, safu mbili zinazotazamana, na katikati uwanja wa udongo mwekundu. Ploti ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake. Mzee huyo aliwaachia wanawe wawili kwa mdomo tu, bila kuwagawia, na mume wa mama huyu akafa kabla ya kugawiwa. Aliyebaki ni mdogo wa mume huyo, mtu wa maneno machache aliyeuza makaa Lindi, kule Kibera, na kufika kwetu Jumapili baada ya kanisa. Kila mpangaji alijua jambo moja: mama anakusanya kodi ya safu zote mbili, na shemeji yake anaona.

Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba moja kubwa ng'ambo ya barabara. Huko ndiko alikopata mbegu. Alizileta zimefungwa kwenye pindo la leso, akaniita kwa sababu nilikuwa na vitabu vikuukuu vya kilimo ambavyo nilijisomea peke yangu.

"Kijana wa vitabu, hii ni nini?"

Nilizisugua kiganjani, nikanusa. "Shamari. Watu huitia kwenye chai, au kwenye mchuzi."

"Hii si ya mchuzi. Hii ni ya kutazama tu. Ukiiona imesimama kwa mstari, utadhani ni moshi umeota mizizi."

Alipanda mvua za masika zilipoanza. Pembeni mwa uwanja maji ya mabati yangezichimbua mbegu, kwa hiyo alichagua katikati, palipoinuka. Alivuta uzi kutoka pembe ya bafu hadi getini, akapanda akiufuata, kama alivyomwona mtunza bustani wa mwajiri wake akifanya.

Kufikia mvua za vuli, shamari zilinifika kifuani. Majani yalikuwa membamba kama nywele, rangi ya shaba iliyochakaa, na juu yake miavuli midogo ya maua ya njano iliyojaa nyigu. Watoto waliyasugua majani na kunusa vidole, wakisema yananukia peremende. Mama alitoka kila jioni kuzitazama. Sikumbuki kumwona akitazama kitu kingine namna ile.

Shemeji yake alipoziona mara ya kwanza zikiwa zimesimama, alivua kofia. Alitembea kutoka bafuni hadi getini, polepole, akarudi. Kisha akainama, akang'oa gugu moja, akaliweka mfukoni. Jumapili iliyofuata alileta gunia la samadi ya mbuzi na kuimwaga mwenyewe. Baadaye akaja na vijiti, akaisimamisha kila shamari iliyoanza kuegemea upande. Nakumbuka nilivyokaa mlangoni nikimwangalia akirudi nyuma, akifumba jicho moja, akikagua kama mstari umenyooka.

"Shemeji amebadilika," mama aliniambia. "Tangu tuzike alikuwa hata hanisalimii vizuri. Sasa ananiletea mbolea."

Aliyeuza mboga mbele ya geti letu, mwanamke mzee aliyelelewa mashambani, hakufurahi.

"Mama, ushawahi kuona mtu wa makaa akimwagilia maua?"

"Si ni moyo mzuri tu?"

"Moyo gani? Kwetu ukitaka kujua shamba linaishia wapi, unatafuta itoka, lile yungiyungi la mpakani. Halisogezwi, halikatwi. Lilipo, maneno yameisha."

"Itoka ni itoka. Hii ni maua ya wazungu."

"Wazee hawaulizi maua ni ya nani. Wanaangalia mstari." Akacheka, akiendelea kukata sukuma. "Na wewe umewachorea na rula kabisa."

Mama alizaliwa Nairobi na kukulia Nairobi. Mambo ya mipaka aliyasikia kama mtu anavyosikia habari za mazishi ya jirani. Lakini jioni ile aliniuliza kama shamari zinaweza kuhamishwa, zipandwe duara mbele ya mlango wake. Nilimweleza nilichokijua: mzizi wake huenda chini moja kwa moja kama karoti, na ikishakomaa ukiihamisha hufa. Alishika jani, akalipitisha katikati ya vidole.

"Basi ziache," alisema. "Maua ni maua."

Wazee wa ukoo wa mumewe walikuja Jumamosi moja, shemeji akiwa nyuma yao. Mama aliwapikia chai. Waliinywa wakiwa wamekaa kwenye makreti, wakitazama shamari, na mmoja akamuuliza kwa upole:

"Nani alipanda hizi?"

"Mimi."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu." Alijibu akitabasamu, maana kwanza alidhani anasifiwa.

Mzee alimgeukia shemeji. "Na nani alizitunza?"

"Mimi. Watu wote hapa waliona."

Walitutazama sisi wapangaji. Hakuna aliyekana, kwa kuwa tuliona. Mzee akaweka kikombe chini. Mkono mmoja umepanda, alisema, na mwingine umetunza. Pande zote mbili zimekubaliana, na wao hawana la kuongeza. Mama alisimama na birika mkononi. "Lakini yalikuwa ya kutazama," alisema. Mzee akamwambia aendelee kuyatazama, ila asiyang'oe.

Safu ya kushoto ikawa ya shemeji, na chumba changu kikiwemo. Hakujenga ua wala hakuweka waya. Alihamia chumba cha mwisho, na kila asubuhi akawa anamwagilia kwa mkebe.

Kiangazi kilipokuja, mbegu zilikauka na upepo ukazipeperusha. Mvua iliponyesha, miche iliota upande wa mama, hatua chache kutoka mlangoni mwake, mingi, membamba kama uzi. Alianza kuamka mapema ili aing'oe. Nilimwona amepiga magoti na kisu cha jikoni, akichagua mmoja mmoja. Siku moja shemeji alimkuta.

"Shemeji, unang'oa nini?"

"Magugu."

Alichuchumaa kando yake, akautazama mche uliosalia, akaumiminia maji yaliyobaki kwenye mkebe.

"Haya si magugu. Haya hayakupandwa na mtu," alisema. "Tuone yataishia wapi."

Mama alisubiri hadi shemeji alipotoka getini, ndipo akaushika mche ule kwa vidole viwili na kuuvuta. Mzizi ulikatikia ndani ya udongo. Alichimba kwa kisu kuutafuta, akaendelea kuchimba, hadi mkono ukazama kufika kiwiko.