Kuku wa Dakika Kumi

Niiteni mjinga, lakini katuni ya kuku ilinitia wazimu, na wazimu wenyewe ulikuwa mtamu.

Tulikuwa tunakaa Mpendae kwa mavyaa wangu, mamake mume wangu. Mume alikuwa kazini Pemba, anakuja akipata meli. Mimi nina mtoto wa kike, ndiyo kwanza nimemwachisha ziwa, na cheti changu cha sekondari kimekunjwa kashani chini ya kanga za harusi. Baada ya Mapinduzi skuli zilikuwa na watoto tele na walimu wachache. Nilikwenda kuomba kazi nikaambiwa njoo, hata kesho. Mavyaa wangu akasema mama mwenye mtoto mdogo hatoki. Nikamuuliza mtoto ana nini. Akasema hana kitu, na hana kitu kwa sababu mama yake hatoki. Majirani walikuwepo, nikainuka nikaenda kuchota maji.

Kisha likaja gari la senema. Jioni wakafunga shuka jeupe baina ya minazi miwili, wakatuonesha namna ya kuchemsha maji na namna ya kupalilia mihogo, kama kwamba sisi hatujui kupalilia. Mwisho, kutubembeleza, wakaleta katuni. Dakika kumi, pengine hazikufika. Kuku wa mistari mitupu, kama kachorwa kwa mkaa ukutani. Anawafunika vifaranga kwa tenga, anatoka kutafuta punje. Mwewe humwoni. Unaona kivuli chake tu kinapita juu ya ardhi, kinakua, kinakua. Kuku anakiona yuko mbali. Anakimbia, anarukia kile kivuli, anakidonoa na kukiparura mpaka kinachanika kama karatasi, halafu anarudi kwa vifaranga na punje zake mdomoni. Hakusema hata neno. Ngoma tu inalia.

Kiwanja kizima vigelegele. Mavyaa wangu alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Njiani nikamwambia, "Umemwona, mama? Katoka, na vifaranga wazima." Hakunijibu. Lakini hakunikatalia, na kwa bibi yule hilo lilikuwa jambo kubwa.

Siku nyingi baadaye nikaenda Mji Mkongwe kununua dawa ya mtoto, nikamkuta kuku wangu kabandikwa ukuta wa senema, safari hii ana rangi. Nilisimama palepale njiani, watu wananipita na vikapu. Tangazo lilisema ni ile filamu fupi, sasa imefanywa ndefu, saa moja na nusu, na kutakuwa na onyesho la wanawake peke yao, mchana. Nilirudi Mpendae kwa miguu wala jua sikulihisi. Nilijiambia: kama dakika kumi zilimnyamazisha mavyaa, saa moja na nusu itanifungulia mlango.

Nikamshawishi, nikashawishi na majirani. Tukaenda kundi zima, buibui, mtoto, bajia na karanga. Onyesho la wanawake lina desturi yake: anayejua Kiingereza huketishwa katikati, akafasiri kwa sauti ukumbi mzima usikie. Wakanisukuma mimi. Mavyaa wangu akakaa ubavuni mwangu, kampakata mjukuu wake.

Taa zikazimwa. Moyo ulinienda mbio kama wa bibi harusi. Rangi jamani! Nyasi unaziona zinatikisika, kila unyoya una kivuli chake. Nikafasiri kwa raha zangu zote. Lakini kuku alikuwa haishi kusema. Anasema na chura, anaimba na panya, anamlilia mwezi. Mwewe sasa ana uso, ana macho ya manjano, anacheka. Nikaanza kuhisi wameingia nyumbani kwangu wakahamisha vyombo. Na kumbe lililoniuma zaidi lilikuwa bado.

Kuku akatoka kutafuta punje. Mwewe akachukua kifaranga. Kuku wetu, yule yule aliyechana kivuli, akazimia. Akatokea jogoo, kifua mbele, akapigana na mwewe, akamrudisha mtoto. Kuku akazinduka, akalia, akaanza kuapa.

Nikanyamaza. Ukumbi ukanipigia kelele: anasema nini huyo, mwalimu, umelala?

Mavyaa wangu alikuwa ananitazama mimi, si kuku. Nilijua nikikitamka kile kiapo, skuli imekwenda. Lakini uongo siuwezi, hata wa kuku.

"Anasema hatotoka tena," nikasema kwa sauti. "Anasema kosa ni lake, mama hatoki. Nami nasema ni upuuzi mtupu. Yule wa kiwanjani alitoka, akarudi, na alimpiga mwewe yeye mwenyewe. Nyote mlimwona."

Basi hapo filamu ilikwisha, ingawa ilikuwa bado inakwenda. Mmoja akasema huyu ndiye kuku hasa, ana adabu, ana na mume. Mwingine akamrukia: jogoo gani wa namna hiyo, wake yeye mwewe akipita ndiye wa mwanzo kuingia uvunguni.

"Wako wa mbawa au wa kanzu?" ikatoka sauti nyuma, na ukumbi ukaanguka kwa kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, na huku nimefurahi kupita kiasi, kwa sababu wanawake wote wale walikuwa wanagombana juu ya jambo langu bila kujua kuwa ni langu.

Mavyaa wangu akaniinamia. "Umefasiri sawa?"

"Neno kwa neno, mama."

Akatafuna karanga yake taratibu. "Basi kalishwa maneno. Yule wa mwanzo hakusema kitu, na nilimwelewa."

Filamu ilipokwisha tukatoka juani, akampandisha mtoto kiunoni, tukashika njia ya Mpendae. Alitembea mbele mpaka tukaufikia mlango, na mimi nyuma yake kama nangoja matokeo ya mtihani. Akiwa anavua viatu ndipo aliponiuliza skuli wanaingia saa ngapi.

"Saa moja na nusu," nikasema.

"Basi uji mpikie mtoto kabla hujaondoka. Mimi kupuliza moto alfajiri siwezi."