Rubisi Niliyoikataa

Miaka ile ya wakimbizi nilijitolea kujaribiwa dawa mpya ya malaria katika zahanati iliyofunguliwa karibu na kambi. Homa ilikuwa imenizoea kama mgeni asiyejua kuaga, na dawa za zamani hazikunifaa tena. Daktari alinieleza vizuri: nitameza vidonge, nitatolewa damu kila nikiitwa, na nisionje pombe mpaka majaribio yaishe. Nikakubali. Kijijini sikumwambia mtu, maana watu waliamini kwamba anayetolewa damu pale ameiuza kwa mumiani. Mimi nina kiburi, kuchekwa siwezi.

Jirani yangu alikuwa mama mzee, mkimbizi kutoka Burundi, mjane, aliyepewa kiwanja na shemeji yake kando ya migomba yangu. Wanaume wa kijiji tulimsaidia kuezeka nyumba. Ilipokamilika akatuita kunywa rubisi, pombe aliyoikamua mwenyewe kwa ndizi za kuomba, ili kuanzia siku ile aitwe jirani, si mkimbizi. Akavuta mrija kwanza mbele yetu, kama ilivyo desturi, kuonyesha kwamba hakuna sumu. Kisha akanipa kibuyu mimi kabla ya wote, kwa kuwa tunapakana.

"Karibu, mwanangu."

"Hapana, mama. Leo sinywi."

Sikuongeza neno. Ningesema tumbo linauma, ningesema nimeweka nadhiri kanisani, hata uongo wa kitoto ungetosha. Kwetu, kukataa kibuyu ambacho mwenyeji ameshakionja ni kumwita mlozi hadharani. Na kila mtu alijua kwamba mimi na rubisi ni chanda na pete. Aliyenifuata akakumbuka kwamba hajafunga mbuzi. Mwingine akadai ana safari. Kibuyu kikamrudia mwenyewe kikiwa kimejaa, nami nimekaa pale nikitazama vidole vya miguu yangu. Naona aibu hata sasa ninapoandika.

Lisemwalo lipo, walisema. Hakuna tena aliyekwenda kwake kuomba moto, na watoto wakakatazwa kula chochote chake. Mimi nikaendelea na vidonge vyangu. Homa ikaniacha, nikanenepa.

Majaribio yalipoisha nikaenda kwake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza yote: dawa, damu, katazo la pombe, woga wangu wa kuchekwa. Nikamwomba anipe rubisi niinywe pale mlangoni, wapita njia wote waone.

"Siku hizi sikamui," alisema. "Nimkamulie nani?"

Akanisogezea kigoda, nikashindwa kukaa.

"Ungeninong'oneza tu," akasema. "Ungeweka mrija mdomoni, ukajifanya unakunywa. Ningekusaidia kuwadanganya."

Hilo sikuwahi kuliwaza. Yeye, kwa upole, akaniuliza kama homa imepona.

Nikamwambia imepona.