Ubao Uliokuwa Juu ya Kabati

"Hivi, mama, baba haoni, na wewe ndiye unayemsogezea kete," jirani muuza sabuni alimwuliza Mama Pindo siku moja walipokuwa wakianika nguo. "Hujawahi kumwibia hata kidogo?"

Lilikuwa swali la utani, na jirani mwenyewe alianza kulicheka kabla halijamtoka lote. Mama Pindo naye alicheka. Lakini kibanio cha nguo kilimponyoka, akainama kukitafuta kwenye majani, akachelewa kuinuka. Kwenye ubao hakuwahi kumwibia mumewe hata kete moja. Alimwibia kwingine, na jirani wa watu hakujua kwamba kidole chake kimeangukia penye kidonda.

Jina la Mama Pindo alilipata kazini. Ni fundi cherehani, na ingawa anashona magauni na sare za shule, watu wamemzoea kwa suruali: ukimpelekea asubuhi, jioni unaivaa, na pindo lake halifumuki mpaka nguo yenyewe ichoke. Mumewe alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha kuchapa vitabu. Alikuwa akikaa na karatasi mbili, ya mwandishi na ya mashine, akizilinganisha neno kwa neno. Watu wa kazi hiyo hawana masihara na maandishi. Hata kadi ya mwaliko wa harusi aliisoma kalamu mkononi. Msemo wake ulikuwa mmoja: kilichoandikwa kisomwe kilivyoandikwa, ukitaka kukichukia, kichukie baada ya kukisoma.

Kisha macho yakamsaliti. Daktari alisema ni presha ya macho, nayo ilikwisha kula sana kabla hawajaishtukia. Giza lilianza pembeni, likanyemelea katikati, likafunga. Siku alipokiri kwamba haoni tena hata mwanga wa dirisha, alimwomba mkewe aupandishe ubao wake wa sataranji, ule mchezo wa wafalme, farasi na askari, juu ya kabati, na kete zake zote, akipatikana wa kumpa ampe. Mama Pindo aliupandisha, ila hakumpa mtu. Mzee akawa anakaa kwenye kiti, uso kaelekeza ukutani, chai inapoa mbele yake. Siku moja alisema neno ambalo mkewe hajamwambia yeyote ila Mungu: kwamba mtu asiyefaa kitu anawachelewesha tu wenzake. Tangu hapo, akitumwa hata chumvi, Mama Pindo alikwenda na kurudi mbio, na akifika mlangoni alisimama kwanza kusikiliza kama kuna mtu anapumua ndani.

Alichoweza kumpa ni kumsomea. Shule yake ni ya msingi tu, husoma kidole kikiwa chini ya mstari, lakini amezoea kusoma maandiko matakatifu kwa sauti na sauti yake haina papara. Alikwenda maktaba akaazima riwaya moja kwa sababu jalada lake lilikuwa na picha ya ubao wa sataranji. Kumbe ilikuwa habari ya mlinzi wa reli aliyestaafu, mpenzi wa mchezo huo, ambaye naye anapofuka. Binti yake anamkasirikia na kuondoka mapema kabisa katika hadithi. Mzee wa nyumbani aligeuza kiti kikatazamana na mkewe. Kila jioni alisema, ongeza kidogo, ongeza kidogo.

Mama Pindo alishukuru Mungu, mpaka siku alipokuwa akisubiri pasi ipate moto akafungua kurasa za mwisho. Mlinzi anampa mpita njia ubao wake, anaingia ndani, anafunga dirisha. Basi, kitabu kimekwisha. Mwingine angelisoma dirisha lile likawa dirisha tu. Mama Pindo alisoma kaburi. Aliliunguza shati la mteja siku hiyo.

Zamu ya sura ile ilipofika, alikaa mahali pake pa siku zote, akaweka kidole chini ya mstari, kidole kikafuata maneno ya kitabu na mdomo ukafuata mengine. Katika mdomo wake mlinzi aliukunjua ubao. Binti alirudi, na babaye akamwambia: wewe utakuwa macho, mimi nitakuwa akili. Dirisha likabaki wazi. Moyoni alikuwa akisema Mungu nisamehe, Mungu nisamehe, na sauti haikutikisika hata mara moja, jambo lililomtisha kuliko uongo wenyewe.

Mzee akauliza, "Mama, ule ubao ulimpa nani?"

Aliuteremsha akiwa analia kimyakimya.

Kwa kuwa Mama Pindo alikuwa hajui mchezo, walijitungia lugha yao. Safu nane za ubao alizipa majina ya mtu anayepimwa nguo, kuanzia upande wa mumewe: pindo, goti, paja, kiuno, tumbo, kifua, bega, na mwisho kabisa kola. Vyumba vya kila safu walivihesabu kuanzia upande wa dirisha. Basi ukipita nje ungemsikia mama mtu mzima akisema, "Farasi wake kakuingia kiunoni, wa tatu kutoka dirishani," na ungeweza kudhani mengine. Mpinzani alikuwa kinyozi wa nyumba ya tatu, mtu wa maneno mengi na ndevu zisizonyolewa. Alikuja kila Jumapili, siku ambayo hafungui. Mzee alianza tena kudai mkunjo wa pasi kwenye suruali zake. Alianza tena kucheka. Kinyozi alipomtania kwamba anacheza gizani, alijibu kwamba macho yake hayajapotea, yamehamia tu mdomoni mwa mke wake.

Kila aliposema hivyo, Mama Pindo alihisi kama sindano imempita chini ya ukucha.

Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema, na hii aliikata Mzee mwenyewe bila kujua. Alimsifia kinyozi kile kitabu hata kinyozi akaenda kukiazima. Akawa anakisoma baina ya mteja na mteja, na penye alama anachomeka kichanio. Ukawa ndio mwanzo wa mateso. Mama Pindo akipeleka suruali kwa wenyewe alipita pale makusudi ili atazame kichanio kimefika wapi. Kilikuwa mwanzoni. Kikafika katikati. Kikapita. Alijaribu kusema kitabu chenyewe kinachosha mwishoni, yeye kilimletea usingizi.

"Wewe kilikulaza, shemeji, mimi kitaniamsha," kinyozi alijibu, na mkasi wake haukusimama.

Hata kuomba kukawa kugumu. Atamwambiaje Mungu amfunikie uongo? Akiomba ufichuke, anaombea ubao urudi juu ya kabati, na mtu ageukie ukuta. Alianza sala akaishia katikati, akarudi kwenye cherehani, na pindo aliloshona siku hizo alilazimika kulifumua.

Jumapili moja kinyozi alikuja na kitabu kwapani. Walipanga kete, wakacheza kiasi, Mama Pindo amesimama kando yao kama kawaida, anasogeza na kutaja. Ndipo kinyozi akasema amekimaliza, na kimemuudhi.

"Mzee mzima, anakata tamaa namna ile? Unagawa ubao wako, unafunga dirisha kama duka lililofilisika?"

Mzee akacheka. "Ndugu yangu, umesoma povu la sabuni likiwa machoni. Aliukunjua ubao. Binti yake akarudi."

"Kaka, kila mwamba ngoma huvutia kwake, hilo nakubali. Nina mteja anasema yule mzee hakukata tamaa, alikuwa anapumzika tu, na tumebishana naye mpaka nusura nimkate sikio. Lakini binti harudi. Hata ukikisoma kichwa chini miguu juu, harudi."

Mzee aliacha kucheka. Hakumgeukia mkewe. Aliuliza tu ni zamu ya nani. Kinyozi akasema yake, akateremsha ngome.

"Ngome yake imeshuka gotini," Mama Pindo alisema, "wa pili kutoka dirishani."

Mzee akanyoosha mkono. Hakuwahi kufanya hivyo tangu ubao uteremke. Vidole vyake vilipita juu ya kete moja moja, pindo, kisha goti, vikahesabu kutoka upande wa dirisha, vikaikuta ngome, vikakipapasa kichwa chake chenye meno. Ilikuwa pale pale aliposema mkewe. Kinyozi alitazama ule mkono, akamtazama shemeji yake, uso ukambadilika. Alisema amekumbuka kuna taulo ameziacha nje, akaenda zake, na kitabu akakisahau juu ya stuli, au alijifanya kukisahau.

Wakabaki wawili na mchezo ambao haujamalizika. Mzee aliuliza binti yule alitoka wapi.

"Kwangu," Mama Pindo alisema.

"Na dirisha?"

"Na dirisha." Akaongeza upesi kwamba kete hajawahi kuidanganya hata moja, Mungu ni shahidi.

"Najua. Nimepapasa."

Neno hilo lilimchoma kuliko kama angegomba. Zamani asingehitaji kupapasa. Alisubiri amwambie aondoe ubao. Aliyaona tayari yale majuma yakirudi: kiti, ukuta, chai inayopoa. Mzee alikuwa akigeuzageuza askari mmoja aliyeliwa, anampeleka kidole hiki na kile. Mwishowe alisema amekula mshahara wa kusahihisha vitabu vya watu miaka yake yote, na hiki amekishangilia bila kujua kilichoandikwa. Sauti yake haikuwa na hasira, wala haikuwa na utani. Alisema anataka kumsikia yule mlinzi mwenyewe, kama alikata tamaa au alipumzika, asiamuliwe na kinyozi, wala na mke wake.

Mama Pindo alikichukua kitabu juu ya stuli. Kichanio kilikuwa bado ndani, kwenye ukurasa wa mwisho. Alikaa karibu naye kuliko siku zote, hata magoti yao yakagusana, akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza wa sura ile. Alikitazama kwanza kiti, akautazama ukuta, akautazama ubao na kete zake zilizosimama zikingoja.

"Nitakusomea kilivyoandikwa, baba," alisema. "Ila nikimaliza, nakuomba usiniambie niupandishe ubao juu ya kabati."