Jogoo Katika Chumba cha Mwali

Mwaka niliovunja ungo ndio mwaka niliofaulu kuingia darasa la tano, na mambo hayo mawili hayakupatana hata kidogo. Bibi, mama yake baba, hakungoja nimalize kulia. Alinitandikia mkeka katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu ya Kariakoo, akapigilia ubao dirishani, akaniambia kwamba tangu siku hiyo mimi ni mwali. Sitatoka, sitaonekana na mwanamume isipokuwa baba, wala sauti yangu haitavuka mlango. Hata chooni nilikwenda nimefunikwa kanga gubigubi, baada ya yeye kuchungulia uani na kuhakikisha hakuna mtu.

Mimi sikuumbwa kukaa. Nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani nikarudia njia ndefu makusudi. Sasa nilisikia mikokoteni ikielekea sokoni, muuza kahawa akigonganisha vikombe, wachukuzi wakitukanana kwa furaha, na kila sauti niliipa sura yake kichwani. Nilitembea kutoka ukuta hadi ukuta mpaka bibi akasema nitamchimbia mtaro sakafuni. Shule zilikuwa zifunguliwe Januari. Nilimwomba baba anisemee nitolewe kabla ya hapo.

Baba alikuwa fundi cherehani, anashonea barazani kwenye duka la Mhindi. Alikuwa mtu wa huruma, na alimwogopa mama yake kuliko polisi. Akaniambia tutaona. Jioni moja, badala ya jibu, aliniletea kikapu cha vifaranga aliowanunua duka la mbegu na vyakula vya mifugo, kuku wa kizungu wa aina fupi, wenye manyoya mpaka vidoleni. Muuzaji alimwambia kwamba hata wakikomaa hawamzidi njiwa kwa mengi, wanafugika chumbani. Nilijua nimenyamazishwa, kama mtoto anavyopewa kashata aache kulia, na nilikasirika. Kisha kifaranga mmoja akanidonoa kidole, nikacheka bila kutaka.

Bibi aliridhia kwa sharti moja: wawe majike watupu. Dume, hata awe wa kuku, haingii chumba cha mwali. Akawapima kwa njia aliyorithi kwao, akimshika kila mmoja miguu na kumning'iniza kichwa chini. Anayehangaika kuinua kichwa ni dume, anayetulia ni jike. Walitulia wote, bibi akaridhika. Masikini, walikuwa wameganda kwa baridi na safari ya kikapuni, hawakuwa na nguvu ya kuinua chochote.

Niliwaweka ndani ya sanduku la sabuni lenye vumbi la mbao, na chemli pembeni, gunia juu. Nikajifunza lugha yao. Wakisongamana na kulia kwa sauti nyembamba wana baridi, nausogeza moto. Wakitawanyika midomo wazi joto limewazidi, nauondoa. Niliwapa chenga za mchele na maji kwenye kisosi chenye kokoto, wasije wakazama. Waliogandwa na kinyesi nyuma niliwafuta kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu. Wachache walikufa hata hivyo, na bibi aliwazika uani mimi nikisikiliza jembe kutoka ndani.

Mmoja alinishughulisha kuliko wengine. Hakutulia. Wenzake walipolala yeye alizunguka chumba, ukuta hadi ukuta, kisha akarukia dirishani na kuweka jicho kwenye ufa wa ubao, palepale nilipozoea kuweka langu. Nilimpenda kwa hilo. Baadaye kichwani pake kikachomoza kilemba chekundu, nikajua kipimo cha bibi kimetudanganya. Nilikipaka masizi ya chemli kila asubuhi, na bibi, ambaye macho yake yalishaanza ukungu, alimsifu kuwa mtetea mwenye umbo.

Januari ilipokaribia, baba aliniletea kitu alichokificha ndani ya koti. Lilikuwa gauni la shule, amelishona mwenyewe, pindo amelikunja nene ili liongezwe nikirefuka. Sikulala vizuri tena. Nililivaa na kulivua, nikalivaa tena. Baba aliahidi kusema na mama yake Ijumaa, akitoka msikitini.

Ijumaa hiyo walikaa ukumbini, nje ya mlango wangu. Nilikuwa nimelivaa gauni, sikio mlangoni. Baba alianza mbali, akasifia bei ya samaki, akakohoa, hatimaye akalitaja neno shule. Kabla bibi hajajibu, nyuma yangu, yule ndugu yangu akanyoosha shingo na kuwika kwa mara ya kwanza maishani mwake, sauti imekwaruza kama bawaba kavu.

Bibi aliingia, baba nyuma yake. Alimkamata jogoo, akafuta masizi kwa kidole cha mate, akakiona kilemba. Alicheka kwanza.

"Mke mwenzangu," akaniambia kwa utani wake wa siku zote, "kumbe umenificha mume humu ndani?"

Kisha akaacha kucheka. Akaufungua mlango wa uani, mwanga ukamwagika mpaka miguuni pangu, akamrusha nje.

"Toka, bwana. Dume hafungiwi."

Jogoo alisimama juani akijikung'uta. Mlango ulikuwa bado wazi. Nilisema kwa sauti ambayo bila shaka ilifika barabarani, "Na mimi je, bibi?"

Alilitazama gauni, akanitazama usoni. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

"Wewe si jogoo," akasema, akafunga.

Baba alishika utepe wake wa kupimia uliokuwa shingoni, akautazama kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Januari ilikuja ikapita, na gauni lilikaa chini ya mkeka mpaka likawa fupi hata baada ya kulikunjua pindo.

Yule jogoo alirudi kila asubuhi. Alisimama nje ya dirisha langu na kugonga ubao kwa mdomo, akitaka kuingia. Nilimtukana kwa kunong'ona, maana sauti yangu ilikuwa haivuki tena. Nilimwambia aende sokoni, aende Ilala, aende popote, ana miguu na hakuna aliyemkataza. Hakwenda. Aliendelea kugonga.