Vipande Alivyoviosha Orville Niemeier

Orville Niemeier alipasua vichwa vya nguruwe katika machinjio ya Indiana, Marekani, kando ya mto Ohio, kama baba yake kabla yake. Enzi hizo ubongo ulikuwa chakula cha watu. Kinamama wa parokia waliukaanga kwa unga na mayai, wakaubana ndani ya mkate kwa vitunguu, na kila mlaji alijua umetoka mikononi mwa nani. Kisha wakaja watu wa maabara.

Hao walitaka kipande cha chini tu, kidogo kama njegere. Walisema mna kemikali ndani yake zinazoziamuru tezi za mwili zitoe homoni. Ili kuitenga moja na kuisafisha, walihitaji vipande malaki kwa malaki. Orville akawa anakata na kutupia kwenye barafu kavu. Ubongo uliobaki ulisagwa ukawa chakula cha mbwa.

Asubuhi moja Daktari Prentiss wa maabara aliingia na msimamizi, Clete Hagedorn.

"Vipande vya meza hii havina kitu," daktari alisema. "Tumevisaga, tumevichuja, tumewadunga panya. Tezi zao kimya! Unavifanyaje, mzee?"

"Navikata. Naviosha."

"Unaviosha?"

"Kwa maji ya vuguvugu na chumvi. Kwenu mnakula na damu?"

"Nani kakwambia tunakula? Tunachokitafuta umekimwaga mferejini!"

Clete akacheka. "Mzee wangu, hawa wanataka uchafu. Wape uchafu wao, ubaki na meza yako. Hutaki, nenda kwenye kwato."

Banda la kwato lilikuwa la walevi na waliokatika vidole. Orville alikata kipande kimoja, akakitazama kikichuruzika damu. Hakuwahi kumkabidhi mtu nyama katika hali ile; baba yake angemzaba kofi.

"Kwenye barafu," Clete alisema. "Sasa hivi."

Orville akakichovya ndani ya beseni, akakisugua kwa kidole gumba mpaka kikatakata, akamrushia daktari kifuani.

"Haya, peleka."

Aliyerithi kisu chake hakuosha chochote. Daktari akapata matone yake ya kemikali safi, akapigiwa makofi na wataalamu wenzake. Orville alikwangua kwato hadi alipostaafu, na parokia siku hizi inakaanga kuku wa dukani.