Nani Aliye Nyeti

Mama yangu huongea nami Kikuyu, ila akitaka kunitania huhamia Kiswahili. Siku aliponikabidhi karatasi ya majibu kutoka maabara ya Nyeri alisema, "Haya maitu, wewe ndio mwarimu wa hii nyumba. Soma." Maitu ni "mama yangu". Huniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. Nilijua ananitania, na nilijua pia kwamba hana mtu mwingine wa kumsomea.

Ng'ombe wetu mweusi, anayetoa maziwa mengi kuliko wenzake, alikuwa na ugonjwa wa kiwele. Robo ya nyuma ya kiwele, upande wa kulia, ilikuwa imevimba, na maziwa yake yalitoka na mabonge. Alikuwa ametibiwa mara mbili bila kupona. Ndipo daktari wa mifugo akachukua maziwa kidogo kwenye kichupa na kuyapeleka Nyeri, ili tujue ni dawa gani ingefaa. Majibu yalipotoka, daktari alikuwa upande wa Naro Moru kwenye kazi ya chanjo na simu yake haikupatikana. Mama hakutaka kungoja. Robo ya kiwele ikifa, imekufa.

Hapa sina budi kueleza hali yangu. Sikusoma chuo. Nilimaliza kidato cha nne, nikakosa nafasi niliyoitaka, nikaamua kujifundisha mwenyewe hapa Mweiga. Nilianza na elektroniki, kutoka kitabu kisicho na jalada, kisha baiolojia, kisha lugha. Nina daftari la istilahi. Kila neno la kitaalamu la Kiingereza nalitafutia Kiswahili chake, na nikikosea herufi moja nachana ukurasa mzima na kuuandika upya. Sijisifu. Mtu aliyejifundisha huishi na woga kwamba kuna ukurasa ambao wengine wote walisomeshwa darasani, na yeye hakuwahi kuuona.

Karatasi ilikuwa na majina ya dawa saba, na mbele ya kila dawa herufi moja, S au R. Chini palikuwa na maelezo: S ni "sensitive", R ni "resistant". Nilifurahi, kwa sababu maneno hayo nilikuwa nayo. La kwanza nilikuwa nimeliandikia "nyeti". Kwenye elektroniki, redio nyeti ni ile inayonasa hata mawimbi dhaifu, na hiyo ni sifa njema. Ngozi nyeti ni ile inayowasha ukibadilisha sabuni. Habari nyeti husemwa kwa uangalifu. La pili nilikuwa nimeliandikia "kinzani", kama waya unaokinza umeme, au mwili unaokinza maradhi.

Niliyapima yote. Redio niliiweka kando, maana haya yalikuwa mambo ya tiba. Nikamkumbuka shangazi yangu. Kadi yake ya hospitali imeandikwa kwa wino mwekundu neno hilohilo la S mbele ya penisilini, kwa sababu siku moja alidungwa sindano hiyo akavimba uso hadi macho yakafunga. Basi nikaona nimepata. Dawa zenye S zingemdhuru ng'ombe wetu. Zenye R mwili wake ungezistahimili. Niliangalia kamusi mbili. Nikatafuta kwenye simu pia, nayo ikanikubalia, kwa kuwa nilichouliza ni habari za watu wanaodhurika na dawa.

"Mama, ng'ombe ni nyeti kwa hizi tatu," nikamwambia. "Tusizitumie."

"Nyeti?" Akaweka ndoo chini. "Ati nyeti kama sehemu nyeti? Si kiwele yote ni sehemu nyeti?" Akacheka mpaka akashika mlango wa zizi.

Niliandika jina la dawa moja yenye R kwa mwandiko wangu bora, naye akaenda kuinunua agroveti, duka la dawa za mifugo. Ilikuwa mirija midogo ambayo dawa yake husukumwa ndani ya chuchu. Niliisukuma mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa mikono iliyooshwa mara mbili. Siku ya tatu robo ile ilikuwa ngumu kama kiazi kibichi na ng'ombe aliacha kula. Nilijiambia dawa inahitaji muda.

Siku ya nne daktari alifika. Kabla hata ya kumgusa ng'ombe, aliokota mrija mtupu kando ya hori na kuutazama, kisha akaomba karatasi.

"Mama, hii dawa nani amechagua? Hii iko na R."

Mama alinitazama kidogo. "Ni agroveti walituuzia, daktari."

"Hao watu nitawapitia leo. Sasa sikia. Hii karatasi haiongei juu ya ng'ombe yako. Inaongea juu ya wadudu wa ugonjwa. Kule maabara walipanda wadudu kwa sahani, wakawawekea dawa. Ikiwa S, mdudu anakufa. Ikiwa R, mdudu anakunywa hiyo dawa kama chai."

Nilikuwa nimesimama palepale nikiwa na ndoo ya maji moto. Daktari aliweka dawa yenye S, akamdunga ng'ombe sindano ya homa, akaenda zake.

Neno "nyeti" halibadiliki. Mtu nyeti, kitu nyeti, mambo nyeti: halivai kiambishi, kwa hiyo halimtaji mwenyewe. Kama ningetumia kitenzi, Kiswahili kingenibana. Anadhurika, au wanadhurika? Ng'ombe wetu ni mmoja na wadudu ni maelfu, na nisingeweza kuandika hata silabi ya kwanza bila kuamua ni nani. Nilipenda neno lililokaa vizuri kwenye mstari, nalo likaniruhusu nisiulize. Daktari hakuwa ametafsiri chochote. Alisema tu nani anakufa.

Jioni nilimkuta Mama akikamua.

"Si agroveti," nikasema. "Ni mimi."

"Kwani niliwapelekea mwandiko ya nani?" Hakugeuka. "Najua ni wewe."

"Mbona ukamwambia vile?"

"Ningesema ni mtoto yangu, akucheke mbele yangu?"

"Lakini amesema atawapitia."

Maziwa yaliendelea kulia kwenye ndoo. Kisha Mama akasema, kwa Kikuyu sasa, bila utani, kwamba kama naona ni vibaya, simu ninayo.

Nilizunguka boma na simu mkononi. Nilitunga sentensi kichwani, nikairekebisha, nikaitunga tena. Nilitaka ieleze habari za shangazi na kadi yake, ili daktari aone kwamba kosa langu lilikuwa na akili ndani yake. Alipopokea, nilichosema ni, "Daktari, dawa ya R niliichagua mimi. Agroveti walifuata karatasi yangu. Nilidhani S ni ya ng'ombe."

Nikasikia pikipiki yake ikizimwa.

"Nilikuwa nimefika hapa mlangoni kwao," akasema. "Sawa. Siku ingine usipopata mimi, piga maabara. Namba iko juu ya hiyo karatasi." Akakata.

Ilikuwepo kweli, juu kabisa, kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimeisoma karatasi hiyo mara nne.

Ng'ombe alirudia kula baada ya siku mbili, lakini robo ile ilikauka. Daktari alisema pengine ingepona kama tungeanza na dawa sahihi, na pengine isingepona. Hilo "pengine" nimelibeba hadi leo. Mama hakamui tena chuchu ya nne. Ila kila asubuhi, akizipangusa zile tatu kwa kitambaa cha maji moto, huipangusa na hiyo, polepole, sawasawa na wenzake. Nilimwuliza kwa nini anasumbuka.

"Ng'ombe hajui imekufa," akasema. "Leta maji."