Funguo Arobaini na Nne za Hoteli ya Marijani

Kidawa Matano aliajiriwa Hoteli ya Marijani, Utende, kisiwani Mafia, tarehe 3 Juni 1997, siku ilipofunguliwa. Jina lake ni la tisa katika daftari la wafanyakazi. Alipiga pasi mashuka ya vyumba arobaini na nne, ya mabalozi na ya wageni waliokuja kuogelea na papa potwe.

Machi 2020 ndege zilikoma. Meneja Fortunatus, mtu wa Bukoba, alimkabidhi funguo zote.

"Wiki mbili tu, mama."

Mbele ya wapishi na walinzi, Kidawa alijibu kama alivyolelewa: "Nimezipokea kwa amana. Nitazirudisha mkononi mwako mwenyewe."

Fortunatus aliona ni maneno ya adabu, akaondoka. Wapishi, watu wa Mafia, walitazamana. Hakuna aliyemuuliza Kidawa kwa nini amejifunga hivyo.

Mwaka wa tano sasa anaishi chumba cha kufulia, anakula mhogo aliopanda kwenye uwanja wa tenisi. Hajalala nje hata usiku mmoja. Juzi alimpigia Fortunatus, ambaye siku hizi yuko Arusha.

"Mpe yeyote, Mama Safia."

"Yeyote si wewe."

"Basi zitupe baharini!" Simu ikakatwa.

Jana kaka mdogo wake, Mfaume, alifika na pikipiki kutoka Baleni. Safia, bintiye Kidawa, ana mimba ya kwanza, na uzazi wa kwanza hufanyika kwa mama, naye mama humkalia mzazi siku arobaini. Safia yuko kwao Baleni mwezi mzima sasa, katika nyumba isiyo na mama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Nyuma ya hoteli hakuna hata mlango. Mbuzi wanaingia ukumbini bila hodi. Unamfungia nani?"

"Nilitamka, Mfaume."

"Ulitamka! Hata popo wa darini wanakucheka."

"Basi mlete hapa."

"Azalie kitanda cha wageni?"

Vitanda vile Kidawa hajavikalia tangu akabidhiwe funguo. Kutumia amana ni kuila.

"Mama mkwe wa Safia kila siku anauliza," Mfaume alisema, sasa kwa upole. "Eti, huyu mtoto hana mama? Nimjibu nini?"

Kidawa alitazama bwawa la kuogelea, kavu, limeota nyasi.

"Mwambie amchukue."

Mfaume aliwasha pikipiki bila kuaga.

Ijumaa Safia atarudishwa Kilindoni kwa mumewe, akazalie kwa mama mkwe.